Taa za Wavuvi si Uchafu wa Anga

Anayejifunza leo kupiga filamu za anga la usiku hupokea wosia mmoja kabla ya mwingine wowote: akimbie taa. Atafute mahali pasipo na mtu, pasipo na nyumba, pasipo na hata kijinga cha moto. Na ikiwa taa imejipenyeza katika picha, basi aifute baadaye kwa programu, kwa kuwa taa ni uchafu. Wosia huu umeandikwa katika lugha nyingi na kurudiwa na walimu wengi, hata umekuwa kama sheria isiyo na rufaa. Ukiletwa Kigoma, katika ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ni wosia mbovu. Unamfundisha kijana wa Ujiji kuwafuta baba zake.

Yafaa kwanza kukieleza kitu chenyewe, kwani si kila msomaji amekikuta. Kamera husimamishwa juu ya stendi ya miguu mitatu isiyotikisika, ikaamriwa ipige picha moja kila baada ya sekunde 30, mathalani tangu saa mbili za usiku hadi saa kumi za alfajiri. Hizo ni saa nane, na picha 960. Picha hizo zikiungwa na kuonyeshwa 25 kwa kila sekunde moja, usiku mzima hupita mbele ya macho kwa sekunde 38. Nyota zionekanazo kuganda sasa zinatembea, Njia Nyeupe inapinduka kama mgongo wa chewa, mawingu yanachemka. Vijana huiita taimulapsi, na wapo waliojaribu kuitafsiri kuwa video ya kuharakisha. Tafsiri hiyo haina budi kukataliwa. Hapana kilichoharakishwa. Nyota imekwenda mwendo wake ule ule, nyuzi 15 kwa saa, na kamera imefumba na kufumbua kwa subira. Kilichofanyika ni kukunja, kama mtu akunjavyo jamvi: urefu umo, ila umefichwa katika mikunjo. Filamu ya kukunja usiku ni jina linalosema kweli zaidi, na tena lina faida ya kumkumbusha mwenye kamera kwamba ni yeye aliyekunja, na kwamba kila mkunjo ni uamuzi wake. Aliyeharakisha anaweza kudai kuwa mashine ndiyo iliyofanya, aliyekunja hawezi.

Sasa, mafundisho ya kukimbia taa hayakuzuka bure. Mwaka 2016 ilichapishwa ramani ya dunia nzima ya mwanga bandia wa usiku, na wanasayansi walioichora walionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuiona Njia Nyeupe wakiwa makwao. Huko Amerika ya Kaskazini ni karibu watu 80 katika kila 100. Mtu wa Chicago au wa London aliyezaliwa chini ya anga la rangi ya chungwa, asiyejua kuwa juu ya kichwa chake pana maelfu ya nyota, ana haki ya kulia. Analilia kitu alichoibiwa na taa za barabara tupu, taa za maghala yasiyo na mtu, taa za mabango yanayotangaza sabuni saa tisa za usiku. Kwa mtu huyo kukimbia taa ni kumkimbia mwizi. Lakini kilio kina mwenyewe. Mtu hawi mfiwa kwa kuazima kanzu ya mfiwa, na pwani ya Kigoma haijafiwa na anga lake. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma uliishi kwa umeme wa jenereta za dizeli, umeme wa leo upo kesho haupo. Na mtu akitoka nje ya mji mwendo wa saa moja tu, anga lipo lote. Tatizo la Kigoma halikuwa wingi wa taa. Wanafunzi wake waliosoma kwa koroboi wanalijua hilo.

Taa zinazomkera mpiga filamu pale ufukweni si za barabara. Ni za wavuvi wa dagaa. Kila usiku wa giza mitumbwi hutoka Kibirizi, Katonga, Ujiji na vijiji vya kaskazini na kusini, ikaenda mbali na nchi kavu kiasi cha kubakia vimulimuli tu. Hapo taa huwashwa, zikainamishwa majini. Vijidudu vya maji huufuata mwanga, dagaa huvifuata vijidudu, na migebuka huwafuata dagaa. Wavu hungoja chini, kisha huinuliwa. Kabla ya karabai palikuwa na moto wa kuni juu ya mtumbwi, na wavu wa kuchotea uitwao lusenga. Karabai na wavu wa kuinuliwa vilienea tangu miaka ya 1950. Karabai nazo zimepokonywa nafasi na taa za betri, nyeupe na baridi, zisizonguruma wala kunuka mafuta ya taa. Hii ni kazi. Taa ya barabara huwaka hata kama hapana apitaye. Taa ya mvuvi huwaka kwa sababu pana kitoweo chini yake, na kazi ikiisha huzimwa, kwani betri ina gharama. Kuziita zote mbili kwa jina moja, uchafu wa mwanga, ni uvivu wa lugha, na uvivu wa lugha mara nyingi huwa ni uvivu wa macho.

Liko jambo ambalo wasia wa ugenini haungeweza kulijua, nalo ndilo kiini cha ugomvi huu. Mvuvi wa dagaa na mpiga filamu wa nyota wanatumia kalenda moja. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huenea juu ya maji yote; samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa moja, na wavuvi hupumzika, wakashona nyavu na kuziba mitumbwi. Mwezi ukiwa mpevu, nyota nazo humezwa, na mpiga filamu hufunga kamera yake mkobani. Mwezi ukiisha, giza likirudi, wote wawili hutoka: mmoja na taa, mwingine na lenzi. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba katika ufukwe huu usiku wa nyota ndio usiku wa taa. Hauwezi kuupata mmoja ukaukosa mwingine. Filamu inayoonyesha Njia Nyeupe iking'ara juu ya Ziwa Tanganyika tupu, jeusi, lisilo na kimulimuli hata kimoja, inaonyesha usiku ambao haukuwapo. Mwenye kuitengeneza amesema uongo, hata kama kila nyota yake ni ya kweli.

Wala si taa tu. Karibu kila kanuni anayofundishwa anayeanza imekatwa kwa kipimo cha nchi nyingine. Ataambiwa aitafute kwanza Nyota ya Kaskazini, ile ambayo manahodha wa pwani waliiita Jaa, kisha aelekeze kamera huko ili nyota nyingine zote zionekane zikiizunguka kama punda wa kinu. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jaa haionekani hapo. Iko chini ya upeo. Kijana atasimama usiku kucha akitafuta nyota iliyokuwa chini ya miguu yake. Na ataonyeshwa filamu za Norway na za Kanada ambamo nyota hupita mbinguni kwa mshazari, akadhani kwamba ndivyo zipitavyo kila mahali. Ufukwe wa Kigoma unatazama magharibi, upande wa milima ya Kongo, na katika latitudo hiyo nyota za magharibi hazipiti kwa mshazari. Hushuka wima, zikiegemea kusini kidogo tu, moja kwa moja ziwani. Katika filamu iliyokunjwa zinadondoka kama mvua ya polepole. Na chini yake, juu ya maji, ziko taa za wavuvi. Nyota inashuka, inashuka, inafifia katika ukungu wa upeoni, na mahali pale pale taa inawaka. Hakuna mshairi aliyeibuni taswira hiyo. Ni jiografia imeibuni. Kuifuta nusu yake ya chini kwa sababu ya wosia wa mtu wa Berlin ni hasara isiyo na fidia.

Hata saa inataka kusahihishwa. Tanzania nzima hufuata saa moja, lakini jua halifuati. Kati ya Unguja na Kigoma ipo tofauti ya nyuzi tisa na zaidi za longitudo, sawa na dakika zipatazo 38. Nyota inayozama Unguja saa nne kamili za usiku, Kigoma bado iko juu ya maji, na itazama saa nne na dakika 38. Anayetumia majedwali ya pwani atafika ufukweni mapema mno, akapiga picha za kwanza katika mabaki ya machweo, halafu akailaumu kamera.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba jarida la mashairi halina haja nayo. Hao wamesahau fasihi yao wenyewe. Watu wa pwani hawakuzihesabu nyota kwa starehe. Walihesabu siku tangu Nairuzi kwa miongo, kumi kumi, wakajua lini pepo zitageuka na lini chombo kisitoke bandarini. Makunduchi bado wanauoga mwaka wa jua kila Julai. Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho Waarabu hukiita Thurayya, kimepewa jina lake kutokana na kulima, na jina la shina hilo hilo limeenea katika lugha za Kibantu hadi kwa Waxhosa na Wazulu. Wahenga walisema kwamba kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua, na kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua. Nusu ya pili ya kauli hiyo yaweza kupimwa ufukweni Kigoma na mtu yeyote mwenye kamera. Mwishoni mwa Aprili, mvua zikielekea ukingoni, Kilimia hushuka jioni ziwani na kupotea katika mwanga wa machweo. Hakionekani kwa majuma kadhaa. Mwezi wa Juni, kiangazi kimekwisha shika, huchomoza tena alfajiri nyuma ya vilima, upande wa mashariki. Filamu mbili tu, moja ya jioni ya Aprili na moja ya alfajiri ya Juni, zingeifanya methali hiyo ionekane kwa macho ya mtoto wa shule ambaye leo huikariri kama fumbo lisilo na maana. Kazi kama hiyo ina thamani kuliko Njia Nyeupe mia zilizotiwa rangi ya zambarau. (Na rangi hiyo ya zambarau inatoka wapi? Hapana jicho lililowahi kuiona. Ni kijiti kinachosukumwa kulia katika programu, kwa kuwa filamu ya jana ya mtu mwingine ilikuwa nayo.)

Ni sharti pia kuuliza nani amekuwa akiutazama ufukwe huu, na kwa niaba ya nani. Februari 1858 Burton na Speke waliliona ziwa kwa mara ya kwanza, Speke akiwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho. Wazungu wawili walisifiwa kwa kuona, na mmoja wao haoni. Livingstone aliishi Ujiji na kupima nyota kwa vyombo vyake ili ajue mahali alipo, na mwaka 1871 akakutwa na Stanley chini ya mwembe. Sentensi moja ya Stanley imeufunika mji mzima hadi leo, kana kwamba Ujiji haikuwa na maneno yake yenyewe kabla ya hapo. Mji huo ulikuwa kituo cha misafara kutoka Bagamoyo na Tabora. Hapo walipita wenye pembe, wapagazi, na watumwa waliofungwa minyororo, ambao nao walilala chini ya anga hilo hilo, na hakuna aliyewauliza walichokiona. Karne ya 20 ikaleta kamera. Jane Goodall aliingia Gombe tarehe 14 Julai 1960, na tangu filamu ya National Geographic ya mwaka 1965 dunia imeujua ufukwe huo kwa sokwe wake. Hapana ubaya. Lakini jumlisha: mvumbuzi, mmishonari, mwandishi wa gazeti, sokwe. Aliyekosekana katika picha ni mvuvi, ingawa kila usiku wa giza huwasha taa. Sasa ije filamu ya anga, iliyopigwa na mwana wa nchi mwenyewe, naye kwa hiari yake aendeleze kazi ile ile ya kumwondoa?

Taa inayosogea majini usiku katika ziwa hili haijawa na maana ya dagaa peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1996 na katika mwaka 1997 watu wa mashariki ya Kongo waliikimbia vita na kuvuka ziwa kwa mitumbwi na maboti hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996. Mei 2015 maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, mpakani, na meli ya Liemba, ile iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa upya Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuopolewa na Waingereza mwaka 1924, ndiyo iliyokwenda kuwachukua kuwaleta mjini, safari baada ya safari. Mtu aliyekuwa amesimama ufukweni nyakati hizo akiona mwanga unakaribia kutoka gizani, hakujiuliza kama unaharibu picha. Alijiuliza ni nani anayekuja, na wangapi.

Pana hoja moja ya upande wa pili inayostahili heshima, nayo ni hoja ya fundi. Husema: taa hizo zina mwanga mkali mno kuliko nyota. Lenzi ikifunuliwa kwa sekunde 20, taa hufura ikawa doa jeupe lisilo na umbo. Mtumbwi ukisukumwa na mawimbi, doa huwa mkwaruzo. Picha zikiungwa, mikwaruzo hurukaruka kama kiroboto, na jicho la mtazamaji huvutwa chini badala ya juu. Haya ni kweli. Lakini dawa si kufuta. Dawa ni kujifunza, na hapo ndipo walimu wa wanaoanza wangefanya kazi yao, badala ya kuwapeleka jangwani.

Kwanza, mwanafunzi asifunue lenzi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Iko hesabu ya kukadiria inayojulikana na wote: gawa 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita, na jawabu ndilo idadi ya sekunde kabla nyota haijaanza kuwa mstari. Kwa lenzi ya milimita 24 ni kama sekunde 20. Kwa kamera yenye kitambuzi kidogo, ambazo ndizo za bei nafuu, jawabu ligawanywe tena kwa moja na nusu, zibaki 13 au 14. Pili, akilenga aizime kamera isijitafutie umbali yenyewe. Atafute nyota kali, au taa ya mvuvi aliye mbali kabisa, akaze kwa mkono hadi iwe nukta, kisha asiiguse tena. Taa ya mvuvi inamfaa kuliko nyota kwa kazi hiyo, nayo ni shukrani ndogo ambayo anaweza kuirudisha kwa kutoifuta. Tatu, apande. Aliyeko mchangani huziona taa zote zimelaliana katika mstari mmoja unaochoma jicho. Aliyeko juu ya vilima vya Bangwe huziona zimetawanyika, kila moja na nafasi yake, na ziwa linakuwa anga la pili. Nne, umande. Usiku wa manane lenzi hupoa na kufunikwa na mvuke, na filamu nyingi za wanaoanza hufia hapo, saa saba au nane, bila mwenyewe kujua hadi asubuhi. Kitambaa kikavu na subira ya kuamka kila baada ya nusu saa vinatosha. Yaliyobaki, betri ya akiba na kadi yenye nafasi, hayahitaji maelezo. Na anayetoka usiku peke yake na kamera mkononi asipuuze kwamba ziwani na ufukweni wako pia wezi, wavuvi wenyewe wameibiwa mashine na taa mara nyingi.

Na mikwaruzo ya taa? Iachwe. Katika filamu iliyokunjwa nyota hutembea kwa nidhamu, kila moja katika njia yake, haikosei hata unywele. Taa za wavuvi hutangatanga, huzimika, huwaka pengine. Juu pana hesabu, chini pana riziki. Mtazamaji anayevutwa macho chini amevutwa kwa haki. Hali kadhalika radi. Mashariki ya Kongo ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi kupita zote duniani, na miezi ya mvua ikianza milima ya ng'ambo huwaka usiku kucha pasipo kusikika ngurumo. Walimu husema siku hiyo kaa nyumbani. Kwa nini? Ili filamu ifanane na ya jangwa la Atacama?

Wengine, hasa watu wa utalii, husema kwamba mgeni hataki kuona taa. Anataka giza safi, na giza safi linauzika. Huenda linauzika. Ila mwaka 2024 giza safi lilipatikana, na ni vyema likaelezwa lilikuwa nini.

Ziwa limechoka. Tangu mwaka 2003 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kwamba maji yake yamepata joto, kwamba maji ya chini yenye rutuba hayapandi juu kama zamani, na kwamba chakula cha msingi cha samaki kimepungua kwa kiasi cha asilimia 20, upungufu ambao watafiti waliukadiria kuwa unapunguza samaki wenyewe kwa asilimia 30 hivi. Juu ya hayo kuna nyavu nyingi na midomo mingi, katika nchi nne zinazolizunguka. Ndipo shughuli za uvuvi zikasitishwa katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wazaane. Uamuzi huo una watetezi wake na hoja zake ni nzito. Mwenye kuchuma bila kupumzisha shamba anajua mwisho wake. Lakini kwa mvuvi asiye na shamba, na kwa mama aanikaye dagaa mchangani na kuwauza kwa bakuli, miezi mitatu ni miezi mitatu.

Ndani ya miezi hiyo mwezi uliandama mara tatu: tarehe 6 Juni, usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai, na tarehe 4 Agosti. Kwa kanuni za wanaoanza hapakuwahi kuwa na nyakati bora kuliko hizo. Kiangazi, hakuna mvua, hakuna mwezi, kitovu cha Njia Nyeupe, kati ya Nge na Mshale, kikipita juu sana, karibu na saa nane za usiku mwanzoni mwa Juni, karibu na saa sita mwanzoni mwa Julai na karibu na saa nne mwanzoni mwa Agosti, kisha kikiteremkia ziwani upande wa kusini-magharibi. Moshi wa nyika zinazochomwa ungeweza kuitia anga wekundu kidogo, basi. Na ziwani, tupu. Meusi ya maji tangu Kigoma hadi Kongo. Kile ambacho programu hufuta kwa saa mbili mezani, hapo kilikuwa kimefutwa kabla ya lenzi kufunuliwa.

Mwenye kamera aliyekwenda Bangwe katika giza hilo alipata filamu isiyo na dosari hata moja ya zile zilizoorodheshwa katika mafundisho. Ina haki ya kuwapo. Ni shahidi, na shahidi adimu. Lakini shahidi wa nini? Ikiitwa Uzuri wa Usiku wa Tanganyika, imekuwa shahidi wa uongo, kwa kuwa weusi ule haukuwa uzuri wa usiku bali ni miezi ya sufuria nyepesi Kibirizi na Katonga, na ya samaki waliopewa nafasi ya kutaga. Iandikwe tarehe yake. Iandikwe kwamba ziwa lilikuwa limefungwa. Hapo kila sekunde ya giza lile itazungumza, na mtazamaji wa Unguja au wa Muscat atajua anachokitazama.

Ziwa lilifunguliwa siku nne kabla ya mwezi mpevu wa tarehe 19 Agosti. Giza la kwanza kamili baada ya hapo lilikuwa la usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba. Mwenye kuzikunja zile nyakati tatu aziweke pamoja na hii ya nne, kutoka kilima kile kile, kwa lenzi ile ile, na asifute kitu.